UZI: Kupima VEGF kwenye damu ya binadamu kwa ELISA. Kabla hujalaumu boksi la kipimo, angalia tyubu

#1 Fundi Sampuli

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya muda napokea ujumbe wa faragha wa aina moja: "Mkuu, nimepima VEGF, namba zangu hazieleweki, nadhani boksi ni bovu." Nami mara zote naanza na swali lilelile: ulipima seramu (maji ya damu iliyoachwa igande) au plazma (maji ya damu iliyozuiwa isigande)? Wengi hujibu, "Kwani kuna tofauti?" Ipo, tena kubwa, na imeshaharibu kazi za watu wengi, yangu ikiwemo. Nimeona niyaweke hapa yote niliyonayo, nanyi muongeze na mnikosoe.

Kwa wageni wa mada hii: VEGF ni protini inayouambia mwili uchipushe mishipa midogo ya damu. Kidonda kinapopona, mimba inapokua, tishu inapokosa oksijeni au uvimbe wa saratani unapotafuta lishe, seli hutoa VEGF, nayo huenda kushika vipokezi vilivyo kwenye ukuta wa ndani wa mishipa. Mwaka 1983 kundi la Senger na Dvorak liliikuta ikifanya kazi nyingine, yaani kuifanya mishipa ivujishe maji, wakaipa jina la VPF. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake wakaisafisha na kuiita VEGF, na ikaja kuthibitika kwamba ni protini ileile. Leo tunaijua familia nzima: A, B, C, D na PlGF ya kondo la nyuma. Mtu akisema VEGF bila herufi, anamaanisha A.

Tunaipimaje? Kwa imunoasei, yaani kipimo kinachotumia kingamwili kama ndoano. Iliyozoeleka ni ELISA ya mkate, kingamwili mbili na protini katikati. Ya kwanza imegandishwa chini ya kishimo cha pleti, nayo huikamata VEGF iliyomo kwenye sampuli. Unaosha. Ya pili inakuja kuishika VEGF ileile upande mwingine, nayo imebeba kimeng'enya, au imebeba biotini (aina ya vitamini) ambayo kimeng'enya kitakuja kuifuata. Unaosha tena. Unaweka kimiminika cha rangi, kinageuka bluu, unakisimamisha kwa asidi, kinakuwa njano, unasoma kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 450. Njano ikikolea, VEGF ni nyingi. Mtindo huu wa kutumia kimeng'enya ulitoka Stockholm mwaka 1971 kwa Engvall na Perlmann, na mwaka huohuo kundi jingine la Uholanzi likautangaza wa kwake. Kabla ya hapo watu walitumia mionzi, njia ya Yalow na Berson.

Sasa niwape yaliyonikuta mimi.

Miaka kadhaa nyuma nililetewa seramu za makundi mawili, wagonjwa na watu wenye afya. Pleti ilitoka safi kabisa: standadi (VEGF ya kulinganishia, ambayo kiasi chake kinajulikana) zimepanda vizuri, marudio mawili ya kila sampuli yanakaribiana, kishimo kisicho na kitu ni cheupe kama maji. Lakini wenye afya walikuwa juu kuliko wagonjwa, tena juu sana. Nikarudia siku ya pili, ikawa vilevile. Nilikuwa tayari kuandika ripoti ya kushangaza, mpaka mwenzangu mmoja akaniambia nishuke kwenye daftari la mapokezi. Nilisoma mstari kwa mstari. Damu ya wagonjwa ilizungushwa kwenye mashine ndani ya nusu saa baada ya kuchotwa. Damu ya wenye afya ilichotwa asubuhi, ikakaa mezani ikisubiri tyubu zitimie, ikazungushwa saa nane mchana. Hiyo ndiyo "tofauti" niliyokuwa nimeipima, saa za kukaa mezani.

Sababu yake ni chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha. Ndani yake kuna vifuko vilivyohifadhi VEGF. Ili upate seramu lazima damu igande, na ikiganda chembe sahani huamka na kumwaga kilichomo. Kwa hiyo VEGF ya seramu ni jumla ya ile iliyokuwa ikitembea kwenye damu na ile iliyomwagika ndani ya tyubu, na hii ya pili kwa kawaida ndiyo kubwa. Ndiyo maana plazma ya mtu mwenye afya mara nyingi inasoma makumi ya pikogramu kwa mililita, na seramu yake, mkono uleule, dakika ileile, inasoma mamia. Ukiiacha igande muda mrefu zaidi, inaendelea kupanda. Mwenye chembe sahani nyingi atakuwa juu hata kama hana ugonjwa wowote wa mishipa.

Ninavyofanya sasa: nachukua plazma ya EDTA au sitreti (kemikali za kwenye tyubu zinazozuia damu isigande), sindano isiyo nyembamba mno, tyubu haitikiswi, inageuzwa taratibu tu. Ndani ya dakika 30 inazungushwa mara ya kwanza, nguvu ya 1,000 g kwa dakika 15. Natoa plazma ya juu, sigusi kabisa ule utando mweupe uliolala juu ya chembe nyekundu, naacha kiasi cha nusu sentimita. Kisha nazungusha ile plazma mara ya pili kwa 10,000 g dakika 10, kuondoa chembe sahani zilizobaki. Watu wengi huiruka hii ya pili. Chembe sahani zilizobaki zikigandishwa kwenye friza zinapasuka, na siku ya kuyeyusha zinamwaga VEGF yote kwenye plazma yako uliyoihangaikia.

Nawasilisha. Karibuni.

#2 Neema_maabara

Asante sana mkuu Fundi. Uzi umenikuta pabaya, maana nina seramu tayari kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, zimekusanywa mwaka mzima kwa ajili ya tasnifu yangu. Plazma sina. Ina maana nitupe?

#3 Fundi Sampuli

Dada Neema, usitupe kitu. Tafuta kwanza mambo matatu: damu iliachwa igande kwa muda gani, katika joto gani, na je, makundi yako yote yalipitia njia ileile. Kama kila tyubu iliachwa, tuseme, dakika 30 hadi 60 kisha ikazungushwa, unaweza kulinganisha makundi yako kwa makundi yako. Usizilinganishe namba zako na za mtu aliyepima plazma, na kwenye andiko lako taja neno "seramu" kila mahali unapotaja namba. Kama una hesabu ya chembe sahani za siku ileile, ni hazina hiyo. Iweke kwenye uchambuzi ujue ni sehemu gani ya tofauti inatokana nazo.

Kama daftari halisemi muda wa kuganda, hapo ndipo penye shida ya kweli. Tuambie umekuta nini.

#4 Mzee wa Kingamwili

Fundi umeeleza vizuri. Naongeza upande ambao watu hawauoni kwa sababu uko ndani ya kingamwili zenyewe.

Swali la kujiuliza: kipimo chako kinaona VEGF ipi? Jeni ni moja, iko kwenye kromosomu ya 6, lakini seli huikata na kuiunga kwa namna tofauti, zikatoka protini za urefu tofauti. Zinaitwa kwa idadi ya amino asidi: 121, 165, 189, 206 na nyinginezo. Ile ya 121 inaelea huru. Ya 165, ambayo ndiyo inayotajwa zaidi, inanata kiasi kwenye heparini (nayo ni ya kuzuia damu isigande) na kwenye sukari za ukuta wa seli. Za 189 na 206 zinanata sana kwenye tishu na ni nadra kuzikuta zikielea. Maboksi mengi yanaiona 165 na 121, lakini si yote yanaziona kwa nguvu sawa. Soma karatasi ya ndani ya boksi, usiishie kwenye jina lililo juu ya mfuniko.

Jambo la pili ni zito zaidi. VEGF kwenye damu haitembei peke yake. Kuna kipokezi kifupi kisichoshikamana na seli, kinachoelea huru, kinaitwa sFlt-1, kazi yake ni kuidaka VEGF isifike kwenye mishipa. Kuna pia alfa-2-makroglobulini, protini kubwa inayoikumbatia. VEGF ikishadakwa, ile sehemu ambayo kingamwili yako inaitafuta inaweza kuwa imefunikwa. Kipimo kinasema "hakuna", kumbe ipo, imefichwa.

Ujauzito ndio mfano ulio wazi. Kondo la nyuma hutoa sFlt-1 kwa maelfu ya pikogramu, huku VEGF ikiwa makumi. Ukimpima mama mjamzito kwa kipimo kinachoona VEGF huru tu, utapata sifuri au karibu na sifuri. Mwingine akimpima mama huyohuyo kwa kipimo kinachoona VEGF yote, huru na iliyofungwa, atapata namba ya juu. Wote wawili wamepima sawasawa, ila wamejibu maswali mawili tofauti. Nimeona watu wakibishana kwenye vikao kwa saa nzima bila kujua kwamba tofauti yao ni hiyo tu.

Na kwa wagonjwa wa saratani wanaotumia bevasizumabu: dawa hiyo yenyewe ni kingamwili dhidi ya VEGF. Inakaa mwilini muda mrefu, nusu yake huisha baada ya siku kama 20. VEGF iliyoshikwa na dawa haiondoki haraka kwenye damu, hivyo VEGF jumla inapanda baada ya tiba wakati iliyo huru inashuka. Ukikuta imepanda usikimbilie kusema dawa imeshindwa. Uliza kwanza kipimo chako kinaona ipi.

#5 Kijana_wa_Zamu

Naomba kuuliza wakuu. Sisi tyubu tulizonazo kwa wingi ni zile za kifuniko cha kijani, za heparini. Zinafaa?

#6 Mzee wa Kingamwili

Kwa VEGF ziepuke, kijana wangu. Nimesema hapo juu 165 inanata kwenye heparini. Unaiweka protini kwenye tyubu yenye kitu inachokipenda, halafu unategemea kingamwili iipate kirahisi. Tumia EDTA au sitreti.

#7 Fundi Sampuli

Nikazie kwa sitreti. Tyubu ile ina kimiminika ndani, sehemu 1 ya sitreti kwa sehemu 9 za damu. Kimiminika hicho kinaingia chote kwenye plazma, hakiingii kwenye chembe nyekundu. Chukua mililita 9 za damu ambayo asilimia 45 ni chembe: plazma ni kama mililita 4.95, ongeza 1 ya sitreti, unapata 5.95. Plazma yako imezimuliwa kwa karibu asilimia 17 kabla hujaigusa. Kama nusu ya watu wako wako kwenye EDTA na nusu kwenye sitreti, umeshajitengenezea tofauti ya bandia. Chagua tyubu moja ubaki nayo hadi mwisho.

Wenye uwezo watafute tyubu za CTAD, zenye sitreti pamoja na theofilini, adenosini na dipiridamoli. Zile tatu kazi yake ni kuzituliza chembe sahani zisiamke. Kwa VEGF ndizo ninazozipenda kuliko zote.

#8 Mpinzani Mwema

Wakuu, naomba nitofautiane kidogo, kwa heshima. Mnaiponda seramu kama vile VEGF ya chembe sahani ni uchafu. Mimi nafanya kazi na saratani. Chembe sahani hukusanya VEGF zikiwa safarini, na zinapofika kwenye uvimbe ambako damu inaganda kidogo kidogo, huimwaga palepale. Kwa mgonjwa wangu, VEGF iliyomo ndani ya chembe sahani ni sehemu ya ugonjwa. Nikipima plazma peke yake naitupa habari hiyo. Zaidi ya hapo, plazma ya watu wengi iko chini mno, nusu ya pleti inasoma chini ya mstari. Seramu angalau inanipa namba.

#9 Fundi Sampuli

Mpinzani, hoja yako naikubali kwa sehemu kubwa, na nashukuru umeileta. Kama swali lako ni "mgonjwa huyu amebeba VEGF kiasi gani kwa jumla, ikiwemo iliyohifadhiwa", basi seramu inakujibu, ukidhibiti muda wa kuganda na ukahesabu chembe sahani. Njia nzuri zaidi ni kuchota vyote viwili kutoka mkono mmoja, seramu na plazma safi, pamoja na hesabu ya chembe sahani. Tofauti ya seramu na plazma, ukiigawa kwa idadi ya chembe sahani, inakukadiria kila chembe imebeba kiasi gani. Hapo unajibu swali lako bila kubahatisha.

Lakini hoja ya mwisho, kwamba seramu inakupa namba, hiyo siikubali. Namba kubwa ni rahisi kuisoma, lakini wingi wake hauifanyi iwe jibu la swali uliloulizwa. Plazma ikiwa chini ya uwezo wa kipimo, tafuta kipimo chenye jicho kali zaidi. Vipo vya mwanga wa umeme kama MSD, na vipo vinavyohesabu molekuli mojamoja kama Simoa.

#10 Mpinzani Mwema

Kwa hilo nakubali. Hiyo ya kuchota vyote viwili nitaipeleka kwa wenzangu.

#11 Dada wa Pleti

Jamani mmekaa sana kwenye damu, mimi niwalete kwenye pleti, maana miaka yangu yote nimeimalizia hapo.

Kinachoharibu pleti mara nyingi ni kuosha. Baada ya kuosha mara ya mwisho, igeuze pleti, ipigepige kwenye karatasi safi ya kunyonya mpaka karatasi isionyeshe tena alama za duara za maji. Nikiona duara hata moja naendelea kupiga. Tone lililobaki kwenye kishimo kimoja limebeba kimeng'enya kisichoshikwa na chochote, na kimeng'enya hakijui kwamba hakikualikwa, kitatoa rangi tu. Ndipo unapata marudio mawili, moja 85, jingine 160, unabaki unashangaa.

Pili ni muda. Ukianza kumwaga kimiminika cha rangi kwenye safu ya kwanza na ukafika ya kumi na mbili baada ya dakika mbili, basi na asidi uimwage kwa mpangilio uleule na kwa mwendo uleule. Safu ya kwanza isipate dakika 20 na ya mwisho 18. Kwenye dakika kama ya kumi hivi, ukiinamia pleti (ifunikwe isipate mwanga mkali), utaona standadi ya juu imeshakuwa bluu nzito na zile za chini zinaanza kupata kivuli tu, kama maji yaliyochovywa nguo ya bluu mara moja. Hapo ndipo watu wanapopata tamaa ya kuongeza muda "ili za chini zionekane". Usiongeze. Fuata muda ulioandikwa, au pima mwenyewe na uutumie uleule kwenye pleti zote.

Tatu, usivipange vikundi kwa safu, wagonjwa kushoto na wenye afya kulia. Vishimo vya pembeni hupata joto tofauti na vya katikati. Wachanganye. Na kila pleti iwe na sampuli zako mbili za uangalizi, moja ya chini na moja ya juu, zilizogawanywa kwenye vichupa vidogo siku moja na kugandishwa. Ndizo zitakazokuambia kama pleti ya mwezi wa tatu inafanana na ya mwezi wa kwanza. Ndani ya pleti moja nakubali marudio yatofautiane hadi asilimia 10, kati ya pleti na pleti 15. Zaidi ya hapo narudia.

Nne, mchoro wa standadi usiulazimishe kuwa mstari ulionyooka. Unapinda juu na unapinda chini, umbo kama herufi S iliyolala. Tumia fomula ya vigezo vinne, programu za kusomea pleti zinayo. Mstari ulionyooka unaharibu namba za chini, na plazma ya VEGF inakaa kulekule chini.

#12 Kijana_wa_Zamu

Dada asante sana, nimeuhifadhi uzi. Nina swali: zile zinazosoma chini ya standadi ya mwisho niandike sifuri?

#13 Dada wa Pleti

Hapana, mdogo wangu. Andika "chini ya kiwango cha kipimo" na utaje kiwango chenyewe. Kwenye takwimu kuna wanaoweka nusu ya kiwango hicho, na inakubalika zikiwa chache. Zikiwa nyingi, keti na mtaalamu wa takwimu, kuna njia za data zilizokatwa upande mmoja. Sifuri inashusha wastani na inasema kitu ambacho hukukiona. Na kuzifuta ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu unabaki na watu wa juu peke yao.

#14 Mzee wa Kingamwili

Kabla hamjaanza kupima watu, fanyeni majaribio mawili haya kwenye sampuli chache. Yanachukua pleti moja tu na yanaokoa kumi.

La kwanza ni kuzimua. Chukua sampuli moja yenye VEGF nyingi, ipime kama ilivyo, kisha izimue mara 2, mara 4, mara 8, na kila jibu ulizidishe kurudi. Ukipata 400, 420, 410, 430, uko salama. Ukipata 400, 600, 900, maana yake ndani ya sampuli kuna kitu kinachoificha VEGF au kuizuia kingamwili, na unavyozimua kitu hicho kinalegea. Namba ya sampuli isiyozimuliwa hapo si ya kuiamini.

La pili ni kuongeza. Weka VEGF ya standadi unayoijua kiasi chake ndani ya plazma. Plazma ilikuwa na 100, umeongeza 200, unatarajia 300. Ukisoma 190, umerudishiwa 90 kati ya 200, asilimia 45. Tunataka iwe kati ya 80 na 120. Kwa mjamzito jaribio hili linaanguka mara nyingi, kwa sababu ya ile sFlt-1 niliyoitaja. VEGF uliyoiongeza inadakwa mbele ya macho yako.

Kisha kuna watu ambao damu yao inadanganya kipimo. Mwenye baridi yabisi anaweza kuwa na faktari ya rumatoidi, inayoziunganisha kingamwili zako mbili bila VEGF yoyote katikati, ukapata jibu la juu la uongo. Anayemeza vidonge vya biotini kwa wingi kwa ajili ya nywele na kucha anaweza kuvuruga vipimo vinavyotegemea biotini. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo la jumla kuhusu biotini mwaka 2017. Kwenye ELISA ya mkono ambayo sampuli inaoshwa kabla biotini ya kipimo haijaingia, athari ni ndogo. Kwenye mashine zinazochanganya vyote kwa hatua moja, jibu la kipimo cha mkate linashuka kwa uongo. Basi muulize mtu anameza nini kabla hujamchoma sindano.

#15 Tabibu_Msikivu

Mimi ni daktari, nasoma kimya tangu juzi. Naomba mnisaidie upande wa wodini. Je, kuna mgonjwa ambaye nikimwagizia VEGF leo jibu litanisaidia kweli, au bado ni kitu cha watafiti?

#16 Fundi Sampuli

Daktari karibu. Kwa wagonjwa wengi bado ni cha watafiti. Hata kwenye saratani, ambako dawa za kuizuia VEGF zipo tangu bevasizumabu iidhinishwe Marekani mwaka 2004, kiwango cha VEGF kwenye damu hakijawa kipimo cha kumchagua nani apewe dawa.

Lakini kuna ugonjwa mmoja adimu ambako kinahesabika hasa, nao ni POEMS. Seli za plazma za uboho (seli zinazotengeneza kingamwili, si plazma ya kwenye tyubu) huharibika, mgonjwa anakuja na ganzi na udhaifu wa miguu unaopanda, uvimbe, ngozi kubadilika, na mara nyingi amezunguka kwa madaktari wengi akitibiwa ugonjwa mwingine wa neva. VEGF yake huwa juu sana, na ni mojawapo ya vigezo vikuu vya utambuzi. Kwa plazma, namba inayotajwa ni kuvuka pikogramu 200 kwa mililita: umahususi wa asilimia 95, yaani wasio na ugonjwa huu 95 kati ya 100 hawaivuki, ingawa huwanasa asilimia 68 tu ya wagonjwa. Tiba ikifanya kazi inashuka, hivyo inasaidia pia kufuatilia. Sasa fikiria mtu amepima seramu halafu anatumia kizingiti hicho cha plazma. Watu wazima wenye afya tele wangeambiwa wana POEMS. Ndiyo maana nasisitiza aina ya tyubu iandikwe kwenye jibu linaloenda wodini.

#17 Mzee wa Kingamwili

Na wa familia hiyohiyo, daktari, kuna uwiano wa sFlt-1 kwa PlGF kwa mama mwenye dalili za priklampsia. Kazi ya mwaka 2003 ilionyesha sFlt-1 ya kondo la nyuma inavyozidaka VEGF na PlGF, mishipa ya mama inakosa ulinzi, shinikizo linapanda na figo zinavuja protini. Utafiti uitwao PROGNOSIS, uliotoka mwaka 2016, ulionyesha kwamba uwiano wa 38 au chini yake unamwondolea mama wasiwasi wa priklampsia kwa wiki moja inayofuata. Hapo wamefanya kilicho cha busara. VEGF yenyewe ni ngumu kuipima kwenye ujauzito, basi wanampima anayeidaka pamoja na ndugu yake. Ila 38 ni ya kipimo kilichotumika kwenye utafiti huo. Usiihamishie kwenye kipimo kingine bila kulinganisha.

#18 Tabibu_Msikivu

Nimekuelewa mzee wangu. Nilikuwa sijui kama kizingiti kinafungwa na kipimo chake namna hiyo.

#19 Neema_maabara

Nimerudi. Nimekaa na daftari la friza siku mbili. Sampuli 60 za mwanzo zina saa ya kuchota na saa ya kuzungusha, zote kati ya dakika 35 na 50. Nyingine 24 hazina saa ya kuzungusha kabisa, na karibu zote ni za kundi la wagonjwa. Pia nimegundua boksi nililobakiwa nalo ni la toleo tofauti na lile nililoanza nalo.

#20 Fundi Sampuli

Dada Neema, hizo 60 ndizo uti wa mgongo wa kazi yako. Zile 24 usizichanganye kwenye uchambuzi mkuu. Ukizipima, ziweke kando na ueleze kwa nini ziko kando. Msimamizi wako mwambie mapema, kabla hujapima.

Kuhusu toleo la boksi: VEGF ya standadi hutengenezwa kwenye bakteria au kwenye seli za wadudu kutegemea mtengenezaji, na hata kwa mtengenezaji mmoja toleo na toleo zinaweza kuachana. Toa sampuli nane za namba tofauti, chini, kati na juu, uzipime kwenye matoleo yote mawili siku moja. Kama zinaachana kwa kiwango kilekile kote, unaweza kurekebisha ukalieleza hilo. Kama zinaachana ovyo, pima 60 zote upya kwenye toleo moja.

#21 Dada wa Pleti

Na ukiziyeyusha, dada, ziyeyushe kwenye barafu, zikorogwe taratibu, uzigawe palepale kwenye vichupa vidogo. Kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu. Andika kwa kalamu isiyofutika na maji ya barafu.

#22 Neema_maabara

Nimeshamwandikia msimamizi leo asubuhi kuhusu zile 24. Amekubali zikae kando. Kesho naanza na sampuli nane za kulinganisha maboksi. Zilizobaki hakuna aliyezigusa, bado ziko friza. Nitaleta namba hapa zikitoka.